Kaisari Kichwa Chini

Uledi aliporudi kutoka vitani mwaka arobaini na sita, alimletea Adela sarafu moja ya dhahabu. Oswaldi, mwana wa Adela, aliifukua Libya walipokuwa wakichimba handaki, akamkabidhi Uledi, askari mwenzake. Kesho yake bomu la ardhini likamuua Oswaldi.

Adela alitembea kutwa nzima hadi Majengo, kwa sonara Hamidi, Uledi akimsindikiza. Alitaka sarafu itobolewe, aivae pamoja na rozari.

Hamidi aliigeuza dirishani. "Nani huyu? Shingo nene kama fahali wa Mtowisa."

"Kaisari wa Rumi," alisema Uledi. "Afisa wetu alituambia."

"Rumi kwa Baba Mtakatifu?" Adela akauliza.

"Zamani kabla yake, mama. Hawa ndio waliosulubu watu."

"Pua hiyo haijawahi kunusa moshi wa jikoni," Hamidi alicheka.

Upande wa pili palikuwa na mtu aliyepiga magoti, mikono imefungwa nyuma. Adela alimtazama, asibanduke.

"Ndivyo walivyomchukua Oswaldi jeshini," alisema. "Matarishi wa jumbe walimfunga kamba mbele ya ghala la ulezi. Mimi ndiye niliyewaonyesha alikojificha. Walitaka kumchukua baba yake, naye alikuwa akikohoa damu."

"Hakunieleza hilo," alisema Uledi.

"Alijua. Aliniona nikinyoosha kidole."

"Mama, mwenye kinyongo hatumi dhahabu."

"Labda alitaka niione kamba."

Hamidi alikohoa, akachukua msumari. "Kuna tatizo. Picha hizi zimepingana. Nikitoboa juu ya kichwa cha mfalme, huyu mateka ananing'inia kichwa chini."

"Msimamishe mateka."

"Kaisari je?"

"Simjui."

Nyundo ikagonga mara tatu. Adela akapitisha uzi, akaivaa, mateka akilalia kifua chake. Upande wa nje, Kaisari alining'inia miguu juu kama kuku wa sokoni, ingawa hakuwa na miguu.

"Watakucheka kanisani, mama."

Adela aliinuka kuondoka. Mlangoni alimshika Uledi mkono.

"Alipokupa, alisemaje?"

"Alisema, 'Mpe mama.'"

"Basi?"

"Basi."

"Kwa sauti gani?"

Uledi alifumba macho. Siku ile upepo ulivuma, mchanga ukawajaa masikioni, na Oswaldi alikuwa ameinamisha uso. Alijaribu tena na tena kuikumbuka sauti, isimjie. Adela alisubiri, kidole kikiwa juu ya sarafu, mpaka Hamidi alipoanza kufunga duka.