Shimo Lisilotaka Kuwa Tupu

Kazini walimwita Sufuri, na hakuchukia. Kila asubuhi, kabla mgonjwa yeyote hajapewa dawa ya mionzi, yeye ndiye aliyeukagua mtambo wa kupimia dozi. Kwanza shimo lake la kuwekea dawa likiwa tupu, kisha likiwa na kichupa cha kujaribia ambacho nguvu yake inajulikana. Shimo tupu lisiposoma karibu na sufuri, hakuna mgonjwa anayeguswa. Hapo alikuwa mkali kama pilipili, na wakubwa zake walishazoea.

Asubuhi hiyo shimo lilikuwa tupu, na mtambo ukasema kuna kitu.

Akainama kuchungulia. Hamna. Namba ikapanda. Alipoinuka kwenda kumwita fundi wa mitambo, akaiona ikishuka.

"Labda umekuja na jini lako," fundi akatania, akiinama yeye juu ya shimo. Namba ikatulia chini. "Umeona? Mimi linaniogopa."

Sufuri akainama tena. Namba ikaanza kupanda, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi bila viatu. Fundi akaacha kucheka. Kuta za chumba kile zimejazwa madini ya risasi ya kuzuia mionzi na mlango wake ni mzito. Kelele za nje haziingii, na kila mmoja alisikia pumzi za mwenzake.

Sufuri akabadili glavu, akavua koti. Namba ilipanda vilevile. Akavua na viatu, akasimama pekupeku kwenye sakafu ya baridi. Aliogopa kwelikweli, maana sasa kilichobaki ni mwili wake.

"Mtandio wako," fundi akasema kwa sauti ya chini.

Ncha yake ilikuwa inaning'inia ndani ya shimo. Akaufungua kichwani, akautia kwenye mfuko wa plastiki na kuushusha shimoni wote. Namba ikaruka.

Mtandio haukuwa wake. Alfajiri alikuwa amechelewa, akauokota kitandani kwa mama yake, ambaye juzi tu alirudi kutoka mji mwingine alikokwenda kutibiwa uvimbe wa shingo. "Walinipa kidonge kimoja tu," mama alisimulia usiku wa jana yake, "na aliyenipa akajitenga kule, utadhani nanuka!" Sufuri alicheka naye, usingizi umemlemea, huku mwanawe mchanga amelala fofofo kifuani kwa bibi yake. Tangu bibi arudi, mtoto hakutaka kulala pengine. Kidonge kile cha mionzi, ambayo hutoka mwilini hata kwa jasho na mate, Sufuri alikijua kuliko jina lake, lakini nyumbani alikuwa binti wa mtu, jambo likampita.

Akapiga simu nyumbani.

"Mama, mtoto yuko wapi?"

"Yuko hapa kifuani, amelala. Usipige kelele."

"Huko hospitali walikwambia nini kuhusu watoto?"

Mama akashusha sauti.

"Walisema nisimbebe kwanza," akasema. "Nikajua nikikwambia utaniondoa. Na mimi huko kote nilikuwa namuwaza yeye tu, mwanangu."

"Mlaze kitandani kwangu, mama. Toka, ufunge mlango. Namwita jirani sasa hivi, na mimi nakuja."

"Ataamka."

"Mama, tafadhali. Mlaze."

Akasikia kitanda kikilia, kisha mtoto, kisha mlango ukifungwa.

"Ananiita," mama akasema, naye analia. "Humsikii?"

"Namsikia, mama. Usiingie."

Nyuma yake mtandio ulikuwa bado shimoni, na namba haikushuka.