Kasha la Kamera

Harufu ya gari jipya ilikuwa imeanza kumtia muuzaji kichefuchefu. Wateja waliivuta kwa nguvu wakasema raha; yeye alitamani maji ya kusukutua. Na kosa wala halikuwa la harufu. Ni uongo aliokuwa akiuuza pamoja nayo.

Uongo wenyewe ulikaa juu ya kioo cha mbele, ndani ya kasha jeusi la plastiki. Katika magari ya bei ya juu kasha hilo lina kamera: ikiona mtu mbele na dereva kazubaa, gari linajifunga breki lenyewe. Katika magari ya bei nafuu lina hewa. Wenye kiwanda wameona breki za kuokoa mtu ni anasa, wakaziuza fungu moja na viti vya ngozi na taa za kupendeza miguuni. Ukitaka mtoto wa watu asigongwe, lazima kwanza upende ngozi! Kasha lilibaki kwenye yote, maana ni rahisi kutengeneza plastiki ya aina moja. Mteja akilinyooshea kidole, bosi, ambaye wafanyakazi walimwita Mafuta kwa ulaini wa ulimi wake, alikuwa na jibu moja: "Sehemu yake ipo." Na kaburi nalo, sehemu yake ipo.

Mchana huo akaingia wifi yake, mke wa kaka yake mkubwa, mwanamke asiyenunua nyanya bila kuziminya.

"Wifi, leo nimekuja kukutajirisha," alisema, akilipiga tairi teke. "Kaka yako kaniambia nichukue lile linalofunga breki lenyewe. Ananijua, nikiendesha macho yangu yako madukani."

"Kaka yangu alikuoa kafumba macho," muuzaji alijibu, wakacheka.

Wifi akaketi kwenye usukani wa gari la bei nafuu, akatazama juu. "Hii ndiyo kamera yenyewe?"

Mafuta alikuwa keshafika, tabasamu mbele, yeye nyuma. "Sehemu yake ipo, mama. Kaa kwa raha."

Wifi akaridhika, akaanza kuuliza habari za rangi. Muuzaji aliyatazama yale meno ya bosi. Ukila na kipofu usimguse mkono, ndivyo alivyofundishwa alipoanza kazi. Lakini kipofu wa leo alikuwa mke wa kaka yake. Akaingia upande wa abiria, akalibandua kasha kwa kucha. Ndani mlikuwa na vumbi na mdudu aliyekauka.

"Hamna kitu, wifi. Mtoto akikatiza mbele yako, hili halifungi chochote. Linampitia."

"We! Umerogwa?" Mafuta alifoka, ulaini wote umemtoka. "Mimi nimesema sehemu yake ipo. Nani kasema kamera ipo?"

"Ndiyo maana unatia kinyaa. Ungedanganya kama waongo wengine, ningekuheshimu kidogo."

"Kazi huna! Chukua mkoba wako uende!"

Wifi hakumjali bosi. Alimtazama muuzaji, na kicheko kilikuwa kimekwisha usoni. "Na lile la jirani yangu, aina hii hii? Si wewe uliyemkabidhi ufunguo mwezi uliopita, mkapiga na picha? Yeye ulimwambia?"

Muuzaji akalishusha kasha mapajani. Siku ile jirani naye aliuliza, akinyoosha kidole, na muuzaji akamjibu maneno yale yale ya bosi, tena kwa sauti tamu zaidi. Kinyaa chote alichomtupia Mafuta kikamrudia mwenyewe.

"Ndiye anayewachukua wanangu shuleni," wifi alisema. Alikuwa ameshapiga simu, akaiweka sauti kubwa.

Jirani alipokea akicheka, watoto wakiimba nyuma yake. "Jirani, tuko njiani! Yaani gari hili ni starehe. Hapa naongea na wewe huku nawatafutia wanao biskuti kwenye mkoba. Mbele siku hizi wala siangalii sana. Si linajifunga lenyewe?"