Waya Mbili Nyeusi

"Hii ya kwanza, mzee. Shika na hii. Na hii ya tatu, wewe mwenyewe jionee."

Mutua, fundi wa injini, alikuwa akizitoa hita plagi kwenye lori la Bi Dhahabu na kuzitia moja moja kwenye kiganja cha Ishaka. Zilikuwa zimemsumbua kutoka. Zimevimba kama vidole vya mtu aliyeumwa na nyuki. Ishaka, fundi wa waya, alizipapasa pole pole. Ya tatu haikuwa na ncha.

"Ncha yake iko wapi?" akauliza, naye anajua.

"Imedondokea ndani. Pistoni imetoboka. Hii injini imekufa, mzee."

Lori lilikuwa limevutwa kwa cheni kutoka Junda asubuhi ile, likapitishwa watu wakiliona, mpaka hapa Mikindani mbele ya kibanda cha Ishaka, kando ya barabara ya Nairobi. Bi Dhahabu alishuka kwenye gari lililolivuta akiwa ameshika kiuno. Mjane yule hakuwa na mume wala shamba. Alikuwa na lori. Mchana lilibeba nazi na mchanga, na siku za harusi lilifungwa taa za rangi na vipaza sauti, likatembezwa mitaani likimsindikiza bibi harusi. Ndiyo maana alinunua dainamo kubwa, ya basi la safari. Ile ndogo ya zamani ilikuwa ikizidiwa, taa zinafifia bibi harusi akiwa ndiyo kwanza atoka mlangoni.

"Ni huyu!" Bi Dhahabu akamgeukia dereva wake. "Randu, Mombasa yote hii joto la kukaanga samaki, wewe kila asubuhi waipasha injini kama uko Limuru! Wauzungusha ufunguo, waushika, waushika! Zisiungue kwa nini?"

"Mama, wallahi nashika kidogo tu. Ikishanguruma naachia."

"Usiniapie. Leo ndiyo mwisho wako na mimi. Na wenye malori wenzangu nitawaambia mimi mwenyewe, popote utakapokwenda kuomba kazi wakujue."

Randu hakuwa mtu wa maneno. Alisimama kando ya tairi, akimtazama Ishaka.

"Baba Ishaka, wewe ndiye fundi. Sema, ni mimi?"

Ishaka akazigeuza plagi mkononi. Injini ya dizeli huamshwa kwa joto, na hita plagi ni kama njiti ya kiberiti: jiko likishashika, huendelei kuing'ang'ania. Kwenye lori lile kulikuwa na kijisanduku cha kuzizima plagi injini ikishanguruma, nacho hupata habari kwa waya mmoja mwembamba utokao kwenye dainamo. Waya ule ukikaa pasipo pake, kijisanduku hakipati habari. Plagi zaendelea kuwaka safari nzima, na dainamo kubwa yazisukumia moto kwa nguvu zote. Kijitaa cha kumwonya dereva kilikuwa kimekufa zamani.

Waya zenyewe zilikuwa mbili, nyeusi zote. Mmoja una mstari mweupe, mmoja una mstari wa manjano.

Kumbe Ishaka rangi zilikuwa zimemhama. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Aliyejua ni mkewe peke yake. Mwanarehema alikuwa akikaanga viazi karai pale pale ubavuni mwa kibanda, na wakatunga mchezo wao. Ishaka akiijaribu plagi kwenye betri, Mwanarehema huinua mwiko.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango, taa ndani yawaka."

Basi Ishaka ajua plagi ni nzima. Ikiwa mbovu: "Nyumba yangu haina mlango, wenyewe wamehama." Na waya hali kadhalika. Bibi mweusi mwenye mvi utosini, huo ni mstari mweupe. Bibi mweusi aliyejipaka manjano, ni ule mwingine. Wateja walicheka mpaka wakajipigapiga mapaja. Wazee hawa wamezidi mapenzi, wakasema, mpaka kazini wategana vitendawili.

Siku ya kuifunga dainamo ya Bi Dhahabu, Mwanarehema alikuwa matangani Magogoni. Ishaka angeweza kusema njooni kesho. Lakini harusi ilikuwa jioni ile, na Bi Dhahabu amemsimamia kichwani. Akazishika waya mbili, akazipapasa kana kwamba rangi ina mikunjo, akazifunga. Lori likanguruma kwa jaribio la kwanza. Akamshukuru Mungu.

Sasa nyuma yake alisikia mwiko ukigonga karai.

"Kitendawili," akasema Mwanarehema. Sauti ilikuwa kavu.

Ishaka akazidi kuzigeuza plagi mkononi.

"Baba Zubeda," akamwita kwa jina la binti yao. "Kitendawili, nimesema."

Akauhisi mkono wa mkewe begani, unambana, vidole vina unga. Alielewa mkewe asemalo: nyamaza. Randu ni kijana, atapata lori jingine. Sisi tutapata nini?

"Mutua," akasema Ishaka, "niangalizie waya mbili nyuma ya dainamo. Wenye mstari mweupe uko juu au chini?"

"Uko chini, mzee."

"Wafaa kuwa juu."

Mkono ukatoka begani.

"Bi Dhahabu, muache kijana. Mimi ndimi niliyefunga. Sikuziona."

"Hukuziona vipi? Si ulizishika mbele yangu?"

"Nilizishika. Lakini rangi sizioni tangu mwaka juzi. Hata wewe hapo nakuona kama kivuli nyuma ya pazia."

Lau Bi Dhahabu angalipiga kelele, ingalikuwa afueni. Alimsogelea, akaupitisha mkono mbele ya uso wake, mara moja, mara mbili, taratibu, kama mtu afukuzaye nzi kwa mtoto aliyelala. Kisha akamgeukia Mutua, na akaishusha sauti.

"Nitafutie mtu wa waya," akasema. "Mwenye macho."

Kulikuwa na pikapu moja ikingoja zamu kivulini. Mwenyewe alikuwa amesikia yote. Hakuaga. Ishaka alimsikia akifunga mlango kwa adabu, kama atokaye chumba cha mgonjwa, akawasha, akaingia barabarani.

Mwanarehema alikuwa amerudi kwenye karai lake. Viazi vilikuwa vinaungua, naye havitoi.

Adhana ya alasiri ikasikika ng'ambo ya barabara. Ishaka alijipangusa mikono, akavaa kanzu yake ya swala, akaenda mpaka ukingoni mwa lami. Miaka hii yote alivuka kwa masikio, akihesabu ngurumo za malori ya bara, wala hakuna aliyeshuku kitu. Leo ngurumo zote zilikuwa moja.

Hatua za viatu vya plastiki zikaja zikasimama karibu naye. Harufu ya dizeli.

"Baba," akasema Randu, "nikuvushe?"

Lori kubwa likapita, likaipeperusha kanzu ya Ishaka na kuirudisha miguuni. Aliuhisi mkono wa kijana karibu na wake, joto lake tu, haujamgusa. Barabara ikanyamaza kidogo. Wawili wale wakawa bado wamesimama, kijana akimngoja mzee aushike.