Video Nyepesi

"Toka mlangoni, Komora, unaniziba mwanga."

"Sitoki mpaka unijibu! Video uliituma wewe, Mama Zadock. Leo unatuambia tusiiamini?"

Komora alipiga kaunta kwa ubapa wa panga. Kioo kikapasuka, chaja zikamwagika sakafuni. Nyuma yake, ng'ambo ya barabara, Adnan alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya stima kwa kamba ya nyavu zake mwenyewe. Sikio lake la kushoto lilining'inia kama kiraka kilichoachia. Aliyekuwa akimpiga mateke alichoka, akampisha mwenzake.

Christabel hakuinama kuokota chaja. Alikuwa na stashahada ya kompyuta na duka hapa Garsen, na kamera ya pampu ya maji kule mashambani aliifunga yeye. Jana jioni kamera hiyo ilimnasa Mwaro, mlinzi wa pampu na mdogo wake Komora, akikatwa shingo. Alfajiri Mwaro akakata roho. Wakulima wakataka video, lakini mtandao ni wa kusuasua na bando ni ghali. "Tufanyie nyepesi," walimwambia. Akaifanya nyepesi na kuituma kwenye kundi lao, bila kuitazama ile nzito. Ndani yake kila mtu alimwona Adnan, mnunuzi wa samaki kutoka Kipini, katika shati jeupe, amemsimamia Mwaro na panga mkononi.

"Nisikilize, sitarudia," alisema. "Video ikibanwa, mashine haielezi kila kitu upya. Sehemu ikifanana na iliyotangulia, au na jirani yake, mashine inanyamaza, na simu yako inajaza yenyewe. Mimi niliiambia inyamaze sana ili faili iwe ndogo. Giza lilikuwa linaingia. Panga lilikuwa na matope, ukuta ni wa matope. Simu zenu zimejaza."

"Simu yangu imejaza panga?" Komora alicheka, na kicheko hicho kilikuwa kibaya kuliko tusi. "Basi imjaze ndugu yangu uhai."

"Panga lilikuwepo. Mkono ndio si wake."

"Wa nani, basi?"

Christabel akageuza macho pembeni.

Video nzito ilikuwa wazi kwenye kompyuta pembeni yake, imesimamishwa. Aliifungua mchana huo akitafuta picha safi ya kuwapa polisi. Alimwona Adnan mikono mitupu, ameng'ang'ania kifundo cha mkono cha mtu aliyevaa koti jeusi, yule ambaye kwenye video nyepesi alimezwa na ukuta. Mwenye koti aligeuka mara moja tu. Hakuhitaji kuikuza picha. Shingo ile aliiogesha mwenyewe kwenye karai. Na jana usiku kijana asiyewahi kufua hata soksi alifua koti lake, akalianika gizani. Mama mtu hakuuliza.

Sasa kompyuta ilikuwa inauliza: Futa?

"Si mimi, mama!" Adnan alipiga kelele. "Wallahi sikumkata, nilimshika tu..." Teke likamfunga kinywa. Alitema jino, likadondoka vumbini.

"Komora, tunangoja nini?" Sauti hiyo aliijua kuliko zote. Zadock, mwanawe, alikuwa mbele ya umati na jerikani la petroli. "Huyu alikuja na mikono yake kutumalizia watu!" Alikwisha kumimina nusu. Shati la Adnan lilikuwa limemganda mwilini.

Christabel alikuwa ametumaini nusu ya ukweli ingetosha: kumtoa Adnan bila kumtaja mwingine. Lakini alijua kazi yake. Pale atakaponyamaza, watajaza wenyewe, kwa kile walichokuwa nacho tayari. Nao tayari walikuwa na Adnan.

"Zadock!" aliita. "Lete hiyo petroli hapa!"

"Mama, si sasa!"

"Nimesema lete! Na kiberiti."

Miaka ishirini na mitatu ya kuitwa hivyo ilimvuta mtoto. Aliingia amekunja uso. Christabel alimpokonya jerikani, akamsukuma kwa mikono miwili hadi stoo ya nyuma, akabamiza mlango wa chuma na kubana kufuli.

"Mama! Unafanya nini? Mama!" Ngumi zake zikadunda mlango.

"Kaa chini. Polisi nawaita, wakukute hai."

Komora alikuwa bado ameduwaa. Christabel akamsukuma naye, kifua kwa kifua, panga na yote, hadi barazani, akavuta mlango wa vyuma katikati yao na kuufunga. Akapiga simu kituoni, maneno manne tu. Kisha akaikamata ile televisheni kubwa ambayo vijana huitazamia mpira, akaigeuza ielekee barabarani, akachomeka waya wa kompyuta.

"Tazameni hii nzito," alisema kupitia vyuma. "Halafu mfungueni huyo mtoto wa watu."

Akabonyeza.

Mateke yakakoma. Kwenye televisheni, mikono ya mwenye shati jeupe ilikuwa mitupu. Mwenye koti jeusi akainua panga, akalishusha, akageuka. Mtu mmoja barabarani alisema "Yesu," kwa sauti ya chini. Komora aliacha kutazama televisheni, akamtazama yeye.

Christabel aliburuta jerikani mpaka mlango wa stoo, akalikalia, akaegemeza mgongo kwenye chuma. Ndani, ngumi zilikuwa zimenyamaza.