Sanduku Kule, Ufunguo Huku

Wivu wangu siuonei aibu. Niliolewa nyumba ya pili, na mke wa pili asiye na wivu sijamwona bado, labda yuko Shelui. Mume wetu Mselemu analima alizeti na kufuga ng'ombe upande wa Ilongero. Mke mwenzangu, mkubwa wangu, ni Radhia. Watu wote wanamwita mume wetu Baba Fatu, na Fatu ni mtoto wa Radhia. Hata jina la mume nililikuta limeshachukuliwa.

Lakini Mselemu ni mtu wa haki, hilo namkubalia. Akinunua kanga ananunua mbili, sukari anaigawa sawa, na zamu zake hakosei. Ndiyo maana lilipokuja sanduku moja roho iliniuma sana.

Lilikuwa sanduku la bunduki. Mselemu anayo moja ya kufukuzia fisi zizini, ina kibali chake, na miaka yote ilisimama nyuma ya mlango pamoja na majembe. Halmashauri ikatunga sheria ndogo. Kila mwenye bunduki aifungie pamoja na risasi zake kwenye sanduku la chuma lililokazwa ukutani, na ufunguo asikae nao yeye. Ukae na mtu mwingine wa nyumbani, jina lake liandikwe kwenye kitabu cha kata. Aliyejiandikisha mapema alipewa sanduku bure, na atakayepuuza kibali chake hakitahuishwa. Mselemu alikuwa wa tatu kujiandikisha.

Nyumba yangu ni ya udongo, bolti hazishiki. Ya Radhia ni ya tofali za kuchoma. Sanduku likaenda kwa Radhia, na jina lililoandikwa kitabuni likawa la Radhia.

Lilikuwa la kijani, lina namba kwa rangi nyeupe. Radhia akalitandikia kitambaa cha kufuma na juu yake akaweka redio. Wageni wakija wanaoneshwa. Mselemu naye akawa hapiti siku bila kuingia kule, hata siku za zamu yangu, eti anaangalia kama bolti zimekaza. Jirani mmoja akaniambia pilipili nisiyoila yaniwashia nini. Nikamjibu kwamba hiyo naila, tena kila siku.

Nikagoma kumpikia. Nilimwambia kila kinachoingia boma hili kinagawanywa, na kama sanduku halikatiki basi lirudishwe halmashauri. Siku tatu alikula kwa Radhia, jambo lililonizidishia ugonjwa. Siku ya nne akaja na ufunguo kwenye kamba.

"Sanduku kule, ufunguo huku," akasema. "Tumegawana."

Tulienda wote kwa Zefania, mtendaji wa kata. Akakata jina la Radhia kwa kalamu nyekundu, akaandika langu, Swaumu. Kisha akanieleza wajibu wangu: fisi wakija nitoe ufunguo, lakini mume akiwa na hasira au ana ugomvi na mtu nisiutoe hata akinibembeleza. Niliitikia ndiyo, ndiyo. Macho yangu yalikuwa kwenye ule mstari mwekundu juu ya jina la Radhia. Ufunguo nikauvaa shingoni, na Radhia akipita nilikuwa nautoa nje ya gauni ili auone.

Alizeti ilikuwa imechanua siku Mselemu aliporudi mbio kutoka shambani, saa nane mchana. Nilikuwa mlangoni nachagua choroko. Akanipita bila salamu, akaingia kwa Radhia, na siku hiyo ilikuwa zamu yangu. Nikasikia chuma kinagongwa na redio inaanguka. Alipotoka jicho lilikuwa jekundu. Ng'ombe wa Chediel, jirani tunayegombania naye mpaka, walikuwa wameingia shambani na kulala humo humo.

"Lete ufunguo," akasema. "Leo Chediel namuua."

Nitasema ukweli. Neno la kuua nililisikia, tena nilijua halikuwa la mchezo. Lakini lililowaka kifuani mwangu ni kwamba alianzia kwa Radhia.

"Kaombe ulikoanzia," nikamwambia.

"Swaumu, lete ufunguo."

"Umenipita kama kisiki, siku ya zamu yangu."

Nikautumbukiza ufunguo kifuani, nikasimama katikati ya mlango, nikaanza. Nilimkumbusha kanga ya Idi, ile ya Radhia yenye maua makubwa. Nilimkumbusha safari ya Mandewa kwa shemeji yake, walikokwenda yeye na Radhia wakalala siku mbili, na mimi nikaletewa mkate. Nilimuuliza mbona hajawahi hata siku moja kuitwa Baba Majidi, na Majidi wangu naye ni mwanawe. Kosa lake ni kwamba alijibu. Alisema kanga zililingana bei. Nikasema bei sivai. Akasema kule Mandewa kulikuwa na mgonjwa. Nikamuuliza mgonjwa huyo alikuwa na ugonjwa gani, na hapo akababaika. Radhia alisimama uani muda wote huo, ameshika redio yake iliyopasuka.

Tulikuwa bado kwenye mkate wakati Chediel alipoingia uani mwenyewe, fimbo ameiweka chini, kofia mkononi. Alisema zizi lake limebomoka, amekuja kukiri kosa, twende na mwenyekiti wa kijiji tukaone hasara. Mselemu akakaa chini pale pale kizingitini kwangu.

"Ningemuua mtu huyu," akaniambia taratibu, kana kwamba Chediel hayupo.

Kwenye mkutano wa kijiji Zefania alinisimamisha mbele ya watu. Alisema hasira hasara, na kwamba sheria bila watu wenye busara kama Swaumu ni karatasi tu. Wakanipigia makofi. Niliyapokea yote, kwa kuwa Radhia alikuwa amekaa mstari wa mbele.

Nilirudi na Radhia njia ya mashambani. Nikamwambia, kwa kumchokoza, kwamba ufunguo ulimpata mwenyewe.

"Ulimpata," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia akuletee."

Nikasimama.

"Mimi sijawahi kumnyima kitu, mdogo wangu. Miaka ishirini na mbili. Nilijua siku akiniomba kwa hasira nitampa, halafu nitakaa kulia. Nikajiuliza nani humu anaweza kumkatalia. Nikakuona wewe na huo wivu wako."

Aliendelea kutembea. Nilibaki nyuma nimeshika ufunguo, na niseme kweli, sijawahi kumwonea wivu kama siku ile. Kila siku niliyouning'iniza mbele yake alikuwa anauangalia na kushukuru.

Ufunguo bado ninao, ila sasa nauvaa ndani ya gauni. Juzi Radhia alikuja kuomba chumvi, nikampa bila kumuuliza ya kwake imeishaje.