Kilele Wanachokikimbilia

Simu ya Kalinda ilimkuta Revati kwenye foleni ya lori la maji, pale Malshiras, siku ya kumi na saba ya mwendo wa hija. Kalinda alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, na hakuwa mtu wa kuzunguka. Alisema mama ameteleza zizini akimkamua ng'ombe, nyonga imevunjika, daktari amekwisha kuiona picha na anataka kumpasua ndani ya siku mbili, la sivyo huenda asisimame tena. Na mama amekataa.

"Amekataaje?" Revati aliuliza.

"Kama anavyokataa siku zote. Anasema Mungu aliweza kungoja juu ya tofali, basi daktari naye angoje juu ya kiti chake. Mpaka wewe ufike Pandharpur, mtu asimguse."

Pandharpur, mji wa hekalu walikokuwa wakihiji kwa miguu, ilikuwa mbele kwa mwendo wa siku nne.

Revati alirudi kambini na ndoo tupu, maana foleni aliiacha bila kujua. Aliketi, akasimama, akakunja blanketi lililokwisha kukunjwa. Alimjua mama yake. Girjabai alikuwa ametembea njia hii miaka thelathini na mmoja, kila msimu wa mvua, bila kuruka hata mmoja. Mwaka huu magoti yaligoma, ndipo akamtwika binti yake chungu cha mrehani mtakatifu kichwani kwa mikono yake mwenyewe na kumsukuma nje ya mlango. Kwa hesabu yake, aliye njiani haendi kulala hospitali. Na yeye alikuwa njiani, ila miguu tu ndiyo ilikuwa ya Revati.

Kilichomuuma zaidi ni lile tofali. Hakuna mtoto wa jimbo la Maharashtra asiyejua kisa chake: jinsi Pundalik alivyokuwa akiwakanda miguu wazazi wake wazee, Mungu Vithal akaja mlangoni kumwona, naye Pundalik, bila hata kugeuka, akarusha tofali nje na kumwambia asimame hapo asikanyage matope, amngoje amalize. Mungu akasimama, mikono kiunoni, na mpaka leo amesimama. Revati alikisikia kisa hicho kwa mama yake kabla hajajua kuhesabu, na kila mara mama alikimalizia kwa kusema, umeona, mzazi kwanza. Leo mzazi yuleyule alikuwa amekigeuza kisa kichwa chini miguu juu.

Bibi Anusaya, aliyetembea bega kwa bega na Girjabai miaka yote hiyo, alimtazama akizunguka hema kama kuku anayetaka kutaga. Akamwita, akamkalisha, akamfanya aseme yote. Kisha akamkumbusha jambo ambalo Revati alilijua lakini hofu ilikuwa imelifunika. Wako wasiojaliwa kuingia hekaluni kwa wingi wa watu. Hao hukitazama kilele cha hekalu kutoka mbali, wakainama, wakageuka kwenda makwao, na safari yao ikahesabiwa imetimia. Wala hakuna wa kuwahoji.

"Na kesho tuna mteremko," bibi alisema.

Mteremko wa kabla ya Velapur. Inasemwa kwamba mtakatifu mmoja wa zamani, muuza duka aliyefilisika, alipofika juu yake alikiona kilele cha Pandharpur kiking'aa upeoni, miguu ikakataa kutembea, akakimbia. Toka siku hiyo kila msafiri afikaye hapo hukimbia.

Kwa hiyo asubuhi Revati alitembea na neno moja tu kifuani. Akikiona, atapiga simu, atasema, mama, nimekiona, imetimia, nenda ukatibiwe. Alikuwa msichana asiyependa kumsumbua mtu. Katika siku kumi na saba hakuwahi kumwomba yeyote ampishe. Lakini leo alijikuta akiwakanyaga watu visigino. Waimbaji wa kundi lao waliuvuta kila ubeti, na mzee Mahadu, kiongozi wao, aliyelibeba zeze shingoni, alitembea kana kwamba anapima barabara kwa unyayo. Revati aliitazama ile migongo na kutamani kuisukuma.

"Mauli, tuna haraka ya wapi?" mwanamke wa mbele alimuuliza baada ya kukanyagwa mara ya tatu. Kwenye barabara hiyo kila mtu ni Mauli, yaani mama, hata polisi mwenye masharubu. Revati alimgusa miguu kuomba radhi.

Walipofika juu, ngoma zilinyamaza. Watu wakafunga nguo viunoni. Mzee Mahadu aliinua mkono, jina la Vithal likalipuka kutoka koo mia mbili, na kundi zima likashuka kama maharage yaliyomwagika.

Revati alikimbia. Mkono mmoja aliushika mrehani, mwingine aliukinga juu ya macho. Alitazama mashariki mpaka machozi yakamtoka. Aliona bendera za rangi ya zafarani. Aliona mashamba ya miwa, nguzo za umeme, wingu jeusi limelalia ardhi. Alijikwaa, akainuka, akapanda ukingo wa barabara, akatazama tena. Wingu. Miwa.

Chini ya mteremko watu walikuwa wakicheka na kukumbatiana kama waliofika tayari. Alimfuata mzee Mahadu, aliyekuwa anahema juu ya zeze lake, akamuuliza kilele kilikuwa upande gani. Mzee alijibu kwa upole kwamba anayeoneshwa huona. Jibu hilo halikuwa na pa kushika. Akamwendea bibi Anusaya, ambaye alikuwa ameketi akitoa jiwe kwenye kandambili.

"Bibi, wewe umekiona?"

"Mimi, mjukuu wangu? Macho haya hayaoni hata jiwe hili, nalitafuta kwa kidole."

"Zamani, basi. Macho yalipokuwa mazima."

Bibi Anusaya hakutaka kumdanganya mtoto wa rafiki yake. Akasema kwamba kutoka hapa mpaka Pandharpur basi lenyewe huchukua karibu saa nzima.

Revati alisogea kando, chini ya mgunga, akapiga simu. Njiani alikuwa ameutunga uongo wake vizuri: dhahabu ikimeremeta, bendera juu yake. Lakini Kalinda alipompa mama simu na sauti ikasikika, nyembamba, ya mtu anayeuma meno, ule uongo ukamkauka mdomoni.

"Umefika mteremkoni?" mama aliuliza.

"Nimefika. Nimekimbia."

"Eeh?"

"Sikukiona, mama. Nimetazama mpaka nikaanguka. Kuna wingu na miwa. Wewe ulikuwa ukikionaje?"

"Kalinda," mama alisema huko, "hebu toka nje kidogo." Mlango ukalia. Kisha, kwa sauti ya chini: "Naona visigino vya Anusaya. Miaka thelathini na mmoja. Yule mwanamke hukimbia mbele yangu na visigino vyake vimepasuka kama shamba la kiangazi."

"Lakini kijiji kizima uliwaambia."

"Waliniuliza Mauli umekiona? Ningesemaje? Mwaka wa kwanza nikasema ndiyo. Mwaka wa pili ningesema sikukiona, wangesema nimetenda dhambi gani." Alianza kucheka, na kicheko kikaigusa nyonga, kikageuka kilio, kikarudi kuwa kicheko. Revati naye alikuwa akicheka na kulia, mkono juu ya chungu.

"Mama, nenda hospitali."

"Safari haijaisha."

"Pundalik hakutoka hata nje ya mlango," Revati alisema. Hakuwahi kumjibu mama yake hivyo tangu azaliwe. "Alikaa ndani akakanda miguu. Mimi niko huku nakimbiza miwa, na miguu ya kukandwa iko huko kwako. Nani kati yetu amekosea njia?"

Mama akaita kwa nguvu kwamba Kalinda arudi, na alete ile sari ya kijani, si hii ya kukamulia, na amwambie mwenye gari asiwashe redio.

"Narudi," Revati alisema.

"Urudi wapi? Nyumbani hakuna mtu. Njoo huko huko hospitali, na usije na mikono mitupu, chakula chao nakijua." Simu ikakatika.

Bibi Anusaya alikataa kumpokea chungu. Alisema kimetoka kwa Girjabai, kitarudi kwa Girjabai. Alimwinamia Revati miguuni, mzee kwa kijana, kama ilivyo desturi ya njia ile, akamgeuza mabega kuelekea nyuma.

Ikawa kazi ya kupanda mteremko ambao dunia nzima ilikuwa inaushuka. Kundi baada ya kundi lilimjia mbio. Yeye, ambaye hakuwahi kumwomba mtu nafasi, alipaza sauti, Mauli nipishe, Mauli nipishe, akipenya na mrehani kichwani. Polisi mmoja alimshika mkono akamwelekeza kwa upole kwamba Pandharpur ni kule.

"Najua, Mauli," akasema, na kujitoa.

Juu, baada ya saa nzima, lori la maziwa lililokuwa linarudi magharibi lilisimama. Alipanda kwenye kiti cha mbele, akakipakata chungu. Watu walikuwa wamejaa barabarani na dereva aliwapisha kwa adabu, gurudumu kwa gurudumu, akipunga mkono kila bendera ilipopita. Revati alivumilia bendera tatu. Kisha akageuka na kumuuliza mtu asiyemjua hata jina kama gari hili lina gia nyingine.