Kanyaga, Shika, Achia

Balozi alikuwa paka. Zamani hakuwa na jina la maana, alikuwa paka tu, mpaka wanawake wawili wa nyumba ile walipoacha kusemezana na kila mmoja akawa anapitishia maneno yake kwake. "Balozi, waambie wenye birika maji yanafurika." "Balozi, wajibu kwamba wenye birika wana macho." Hapo ndipo alipopandishwa cheo, ingawa samaki hakuongezewa.

Wanawake wenyewe walikuwa mawifi. Mmoja alishona nguo za watu maisha yake yote, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Mwingine alizalisha wanawake hospitalini mpaka akastaafu, na kwa watu alibaki kuwa Mkunga. Aliyewaunganisha alikuwa mwanamume mmoja, kaka wa Fundi na mume wa Mkunga, na tangu alipofariki kilichobaki kati yao ni gari lake.

Lilikuwa gari la Kiingereza la zamani, dogo, mgongo wa mviringo, lenye umri sawa na wa Fundi, na Fundi hakuwa mtu wa kutaja umri wake. Kwa umbo na kwa mwendo liliitwa Kobe. Kila kitu chake kilikuwa na kiburi cha kwao. Nati zake zilikataa spana za kawaida, zikataka za inchi. Hata betri yake ilifungwa kinyume na ya magari mengine, upande wa chanya ndio ulioshikwa kwenye bodi, na marehemu alikuwa ameandika onyo ndani ya boneti kwa rangi nyekundu: USIJIFANYE MJUAJI. Kila Jumapili asubuhi alikuwa chini ya gari hilo na dada yake pembeni, wakicheka.

Msiba ulikuwa haujapoa Mkunga aliposema lile bati liondoke uani, hataki kuliona. Fundi ana ulimi mkali kuliko mkasi wake. Akamjibu, "Hukumpenda mwenyewe, utalipenda gari lake?" Alilijutia neno hilo kabla hajafunga mdomo, lakini kuomba radhi kukamshinda, na Mkunga akamgeuzia kisogo. Toka siku hiyo ikawa ni Balozi, Balozi.

Wiki hii Balozi alibebeshwa ujumbe mzito. "Waambie wenye magari," Mkunga alisema huku akichambua mboga, "Jumamosi anakuja mtu wa vyuma chakavu. Kama hilo kobe lao litatoka langoni lenyewe na kusimama lenyewe kabla hajafika, mimi sitafungua mdomo tena. Likishindwa, linapanda lori."

Gari lilikuwa lake, urithi wake, na Fundi hakuwa na la kusema. Kilichomuuma ni kwamba pale tu, kwenye ule upande wa ua wenye harufu ya petroli, ndipo alipoweza bado kumsikia kaka yake. Kobe akiondoka, kaka atakuwa ameondoka mara ya pili.

Basi akajifunga kibwebwe. Alifungua kabureta akaisugua kwa mswaki wa zamani, akapiga plagi msasa, akachaji betri na kuifunga kinyumenyume kama onyo linavyotaka. Spana za marehemu zilikuwa bado kwenye kitambaa chenye mifuko alichomshonea yeye mwenyewe, kila moja mahali pake. Ijumaa jioni injini ilikohoa, ikapiga chafya, ikakubali. Fundi alicheza peke yake uani mpaka mgongo ukamkumbusha umri asioutaja.

Zikabaki breki. Mipira ya ndani alikuwa amekwisha kuibadilisha, na mafuta ya breki alikuwa amemimina mapya, lakini kwenye mabomba mlikuwa na upepo. Alipokanyaga, pedali ilizama mpaka chini bila kushika kitu. Na kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, anakanyaga na kushikilia. Mwingine yuko chini, nyuma ya gurudumu, analegeza skrubu ndogo yenye mrija, upepo unatokea kwenye chupa ya jamu kwa mapovu, kisha anakaza. Hapo ndipo wa juu anaruhusiwa kuachia. Akiachia mapema, upepo unarudi ndani na kazi imekufa. Miaka yote kaka alikuwa chini na mguu ulikuwa wa Fundi. Maneno yalikuwa matatu tu: kanyaga, shika, achia.

Jumamosi asubuhi Fundi alijaribu kuwa watu wawili. Aliegemeza ufagio kati ya kiti na pedali, akakimbia nyuma, ufagio ukachomoka. Akaweka tofali, tofali likaanguka. Akafunga pedali kwa kamba ya kuanikia nguo, akalala chini, akafungua skrubu, na kamba ikakatika. Mafuta yakamrukia shingoni. Alitukana tusi moja refu la Kiswahili safi, kisha akabaki amelala pale pale, akitazama chini ya tumbo la Kobe, machozi yakimchuruzika kuelekea masikioni.

Dirisha la jikoni lilifunguka. "Balozi," ikaja sauti ya Mkunga, "hebu muulize huyo aliye chini ya gari kama amekufa."

"Balozi, mwambie bado."

"Muulize basi mbona hatikisiki."

Fundi alimtazama paka aliyejilaza kivulini akijilamba mguu, hana habari na dunia. Alikumbuka lori. Akapiga moyo konde.

"Wifi," akaita.

Hata Balozi aliacha kujilamba.

"Wifi, nisaidie. Peke yangu siwezi."

Dirisha likafungwa. Fundi akasema moyoni, haya, umekwisha. Kisha akasikia kandambili zikija, taratibu, na miguu miwili iliyovimba vifundo ikasimama karibu na kichwa chake.

"Nikae wapi?" Mkunga aliuliza.

"Kwenye usukani."

"Sijawahi kukaa huko."

"Ni kiti kama viti vingine."

Mlango wa Kobe ukalia, springi zikalalamika. Fundi akamwelekeza: pedali ni ya katikati, nikisema kanyaga unakanyaga, nikisema shika unabaki hapo hapo, huachii mpaka niseme achia. Walianza na gurudumu la nyuma lililo mbali zaidi na dereva. Kanyaga. Shika. Fundi akalegeza skrubu, na kabla hajaikaza mrija ukafyonza fyuu.

"Umeachia!"

"Pedali imeshuka yenyewe, nikadhani imevunjika!"

"Lazima ishuke! Nimekwambia hata nyumba ikiungua usiachie!"

"Unafoka nini? Mimi nimewaambia wanawake 'kaza' na 'legeza' maisha yangu yote, na sikumfokea hata mmoja."

"Hao walikuwa wanazaa."

"Na huyu wako je?" Mkunga akainama nje ya mlango, uso umepinduka. "Njia imefunguka kiasi gani?"

Fundi alikusudia kukasirika. Kicheko kikamtoka puani, kikamfanya apige kichwa kwenye bomba la moshi, na huko juu Mkunga naye akaanza kucheka, kicheko cha tumbo ambacho nyumba ile haikuwa imekisikia tangu msiba. Kobe mzima akatikisika.

Walianza upya. Kanyaga. Shika. Mapovu yakaja makubwa makubwa. Achia. Kanyaga. Shika. Achia. Mkunga alikuwa mwepesi wa kujifunza. Baada ya gurudumu la kwanza Fundi alimwambia anyanyue kapeti chini ya miguu yake, afungue kizibo kilicho sakafuni na kuongeza mafuta, na Mkunga aliongeza bila kumwaga hata tone.

Kwenye gurudumu la pili, Mkunga alisema kutoka juu, bila utani safari hii, "Mlikuwa mnacheka hivi kila Jumapili."

"Kanyaga. Kaka alikuwa na maneno, unamjua. Shika."

"Nilikuwa nawasikia."

"Ulikuwa umelala. Umetoka zamu ya usiku. Alikuwa akiniambia, polepole, mwache apumzike."

"Nilikuwa silali."

Spana ikasimama mkononi mwa Fundi.

"Najilaza kitandani naangalia dari," Mkunga akasema. "Nasema leo wataniita. Leo mmoja wao atagonga dirisha aseme njoo ushike tochi. Mimi nilikuwa na mikono, wifi. Mikono yangu ilijua kazi za hatari kuliko hiyo. Hamkuniita hata siku moja. Halafu ukasema sikumpenda."

Chini ya gari Fundi hakuona uso wake, aliona tu mguu wake mmoja uliotoka nje ya mlango, soli ya kandambili na kisigino kilichopasuka. Ilimchoma. Yeye na kaka yake walijiona watu wema kweli kweli, wakinong'ona na kutembea kwa ncha za vidole ili mchovu wa zamu apumzike. Na kumbe walikuwa wamemfungia nje ya nyumba yake mwenyewe kwa wema huo.

"Lile neno," akasema. "Lile neno nililokwambia, lilikuwa la uongo. Nililijua ni la uongo hata nilipokuwa nalisema. Nisamehe, wifi."

Juu springi zikalia. Kisha, "Wifi."

"Naam."

"Mguu unakufa ganzi. Hujasema achia."

Fundi akakaza skrubu haraka, akafuta macho kwa kiwiko, akachafua uso mzima. "Achia," akasema.

Gurudumu la mwisho lilipotoa mafuta matupu bila povu hata moja, Mkunga alikanyaga mara moja zaidi kwa udadisi wake. "Imekataa kushuka," akasema kwa mshangao. "Imekuwa ngumu!"

"Ndiyo breki hiyo," Fundi akajibu, akitambaa kutoka chini. "Sogea nikae."

Waliposhusha jeki, lori lilikuwa limekwisha kuegeshwa nje ya lango, na mtu wa vyuma chakavu alikuwa ameingia na mnyororo begani. Mkunga alimwangalia kuanzia viatu mpaka kofia. Kisha akamgeukia paka.

"Balozi, mwambie mzee huyu asogeze lori lake. Tunapita."

"Mama, lakini ulinipigia simu—"

"Balozi, mwambie aliyepiga simu alikuwa na hasira zake."

Fundi akavuta choki, akabonyeza starta. Kobe alikohoa, akapiga chafya, akanguruma. Mkunga aliingia upande wa pili, akakumbatia mkoba wake kifuani kama anapanda ndege. Wakatoka langoni wakipita karibu kabisa na lori, wakashika kichochoro kinachoteremka kuelekea barabara kuu, na mwendo ukaanza kupanda wenyewe kwa sababu ya mteremko. Mbele kulikuwa na magari yakipishana. Fundi alijua kila skrubu iliyoshikilia maisha yao, na alijua aliyeikaza ni yeye.

"Kanyaga," Mkunga akasema, sauti ile ile tulivu ya wodini.

Fundi akakanyaga. Kobe akainamisha pua, akasimama kimya hatua chache kabla ya lami.

"Shika," Mkunga akasema. Wakakaa hivyo, mmoja na grisi usoni, mwingine na mkoba kifuani, wakitazama magari yakipita. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kuachia.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Fundi aliamka mapema, maana kulikuwa na plagi moja aliyoishuku. Alipopita uani aliona pazia la chumba cha Mkunga limeshushwa, na miguu yake, kwa mazoea ya miaka, ikaanza yenyewe kutembea kwa ncha. Akasimama. Akarudi, akaligonga lile dirisha kwa spana ya inchi mpaka kioo kikalia.

"Wifi! Amka, kuna kazi!"

Pazia lilifunguka papo hapo. Mkunga alikuwa amekwisha kuvaa ovaroli la marehemu, limekunjwa mikono, tochi mkononi.

"Mbona umechelewa?" akasema.